Njia ya Mkato

Nani kati yetu hajapata kuiacha njia kuu akafuata ya mkato, kisha akachelewa zaidi? Sikilizeni basi habari za jamaa waliohama Marekani mwaka 1846, wakielekea magharibi, California, kutafuta mashamba. (Ardhi hiyo, tusisahau, ilikuwa na wenyewe.)

Walisafiri kwa magari ya kukokotwa na maksai. Kundini walikuwamo Bwana Donner na nduguye, Bwana Reed, na Patrick Breen, Mkatoliki wa Ireland, pamoja na mkewe Margaret na watoto saba.

Bwana mmoja, Lansford Hastings, alikuwa ametoa kitabu mwaka 1845 akisifu njia fupi. Alipokiandika alikuwa hajaipita hata mara moja! Msafiri James Clyman, aliyekwisha kuipita, alimwonya Reed. Hakusikilizwa. Ndivyo tulivyo: kitabu kilionekana kizito kuliko mtu mwenye vumbi miguuni.

Basi wakafyeka msitu milimani ili magari yapite. Jangwa waliloambiwa ni la maili 40 likawa kama 80. Maksai wengi wakafa au kupotea. Walipofika milima ya Sierra Nevada, mwisho wa Oktoba, theluji ilikwisha kufunga njia.

Wakakwama huko miezi ya baridi. Walikula maksai, kisha mbwa, kisha ngozi za ng'ombe zilizochemshwa hata zikawa kama gundi. Bwana Reed hakuwapo. Alikuwa ameua mtu katika ugomvi njiani, akafukuzwa. Mkewe na watoto wanne wakapokelewa katika kibanda cha akina Breen. Binti yao Virginia, wa miaka 13, hakuweza kumeza ngozi zile. Mama Breen, ambaye wake mwenyewe walikuwa saba, alimpa kwa siri vipande vidogo vya nyama. Mzee Breen aliposoma sala, Virginia alimshikia kijinga cha msonobari kiwe taa. Kwao hawakuwa Wakatoliki, lakini aliweka nadhiri: akipona, atakuwa Mkatoliki.

Wengi walikula maiti za wenzao. Hilo namwachia Mungu. Lakini Luis na Salvador, wenyeji wawili wa California waliotumwa na Bwana Sutter kuwaletea chakula, walipigwa risasi na wahamiaji hao hao, wakaliwa. Hilo siwezi kulipita kimya. Walikuja na unga!

Waokoaji walifika Februari 1847. Reed mwenyewe alikuja na kundi la pili. Kati ya watu 87, karibu nusu walikufa. Akina Breen, wote tisa, walipona, na mke na watoto wa Reed pia.

Virginia alitimiza nadhiri yake. Na kibanda kile cha akina Breen kilikuwa kimejengwa na wahamiaji waliopita pale mwaka 1844. Kijana mmoja wa msafara huo, John Murphy, ndiye aliyemwoa mwaka 1850.