Bundi Hana Hatia

Hapa kwetu Bukavu bundi akilia usiku juu ya paa, asubuhi utasikia: "Nani amemtuma?" Macho hugeukia nyumba ya bibi kizee fulani, mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Vijana huokota mawe: leo ya ndege, kesho ya mtu. Ndiyo sababu hatuwezi kunyamaza.

Sisi walimu wa dini twawauliza wanaomshitaki bundi: Mmekwenda kumtazama mchana? Usiku kila kitu chatisha. Mchana bundi amelala tu, katika mti wenye majani mengi au chini ya paa la jengo la zamani. Tazameni chini ya mahali pake. Mtaona madonge, ukubwa wa kidole gumba. Pasueni moja kwa kijiti: ndani mna manyoya, mifupa myembamba na mafuvu ya panya. Maana bundi hummeza panya mzima, kisha hutapika yasiyoyeyuka tumboni. Huo ndio ushahidi. Hamna hirizi, hamna nywele za mtu. Mwizi wa mahindi na maharagwe yenu ni panya. Nanyi mnamwua mlinzi!

Wengine watasema: "Waganga wanajua mambo ya bundi." Wanajua kiasi gani? Katika milima ya Itombwe, humu humu Kivu ya Kusini, mwaka 1951 alipatikana bundi ambaye wataalamu hawakumjua, akapewa jina la Alexandre Prigogine. Wa pili hakunaswa mpaka 1996, miaka 45 baadaye. Ikiwa wenye nyavu na darubini walimkosa muda huo wote, mpiga ramli ameyajuaje maneno ya bundi kwa usiku mmoja?

Watasema tena: "Maandiko yamwita najisi." Kitabu cha Walawi chakataza kumla, hakiagizi kumpiga mawe. Lakini amri ya kwanza yakataza ushirikina, ya tano yakataza kuua, ya nane yakataza kumsingizia jirani. Anayemwita bibi mchawi kwa sababu ya ndege azihesabu zote tatu.

Basi, wazazi, wapelekeni watoto wakamwone bundi mchana. Simameni mbali, kimya, bila mawe wala tochi. Akifukuzwa mchana, ndege wadogo humzonga, na makinda yake hubaki peke yao. Mkiisha kumtazama, mwacheni alale. Na mkirudi nyumbani, piteni kwa yule bibi mkamsalimu.