Taka Zikitupwa Huenda Wapi?

Jioni, wakati moshi wa mafiga unapotanda juu ya migomba, ni desturi katika nyumba nyingi za milimani kumtuma mtoto akatupe taka. Mtoto huchukua kikapu au debe bovu, hupita nyuma ya nyumba, hufika ukingoni mwa korongo, humwaga, kisha hurudi mbio kwa kuwa giza linaingia. Kwa fikira zake kazi imekwisha. Maganda ya ndizi, majivu, chupa ya dawa ya wadudu, mfuko wa nailoni, betri za tochi zilizokwisha nguvu, vyote vimekwenda zao. Walakini havikwenda popote. Vimelala pale chini vikingoja mvua.

Na Kwamkoro si mahali pa kungoja mvua kwa muda mrefu. Pamo katika Usambara ya Mashariki, wilaya ya Muheza, jirani na Amani, kwenye misitu mikubwa na mashamba ya chai. Mvua inyeshayo Amani kwa mwaka mmoja hukaribia milimita 2,000. Maana yake ni kwamba kama maji yote yangesimama pale yalipoanguka, bila kutiririka wala kukauka, yangemfunika mtu mrefu utosini. Maji hayo hayasimami. Mengine huzama ardhini na kutokea tena katika chemchemi, na mengine hushuka makorongoni kwa nguvu, yakichukua kila yanachokikuta njiani.

Vijito vya Kwamkoro na vya Amani huingia katika mto Zigi. Zigi hushuka bondeni, hupokea maji ya Kihuhwi, na hufika Mabayani, ambako umezibwa kwa bwawa. Kutoka hapo maji hupelekwa Mowe yakasafishwe, ndipo yaingie katika mabomba ya jiji la Tanga. Basi mwanamke wa Ngamiani anapofungua bomba ili ateleke chai, maji yanayojaza birika lake ni yale yale yaliyopita chini ya nyumba za milimani. Hajapata kuliona korongo lile, wala hajui jina la mtoto aliyebeba kikapu.

Wapo watu wasemao kuwa hapana hofu, kwa sababu maji husafishwa. Ni kweli, husafishwa. Tope huteremshwa chini kwa dawa kama shabu, na vijidudu vya maradhi huuawa kwa klorini. Lakini dawa ya wadudu iliyoyeyuka majini haiondoki kwa urahisi kama tope, na tope lenyewe likizidi, kazi huwa kubwa na gharama huongezeka. Katika miaka ya 2003 na 2004 watu kwa maelfu walikimbilia dhahabu Sakale, huko huko Usambara ya Mashariki, wakachimba na kuosha udongo kando ya vijito. Maji yaliyokuwa safi yakashuka yakiwa mekundu kama ya mfinyanzi. Wachimbaji wale walionekana na wote, wakalaumiwa na wote. Kikapu cha jioni hakionekani na mtu, na pengine ndiyo sababu hakilaumiwi.

Tena, kuwafikiria watu wa Tanga peke yao ni kuruka mbali mno. Yuko mtu aliye karibu zaidi anayekunywa maji hayo kabla ya mtu wa mjini, tena hana mtambo wala klorini. Ni jirani wa nyumba ya chini. Korongo linalopita nyuma ya nyumba ya juu hupita mbele ya nyumba ya chini, na mtoto wa nyumba ile hushuka asubuhi na ndoo yake akateke pale pale. Akiugua tumbo wiki ijayo, mama yake atasema ni maembe mabichi. Maembe husingiziwa mambo mengi.

Habari ya mji wa London yaweza kufaa hapa, kwani London ya zamani ilikuwa na desturi kama hizi hizi. Mwisho wa mwezi wa Agosti mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa mmoja ulioitwa Broad Street, kikaua watu zaidi ya 600. Siku zile wakubwa wengi wa elimu waliamini ya kuwa maradhi hayo huletwa na harufu mbaya. Daktari John Snow hakuamini hivyo. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza kila aliyefiwa: marehemu alikunywa maji ya wapi? Akaona kwamba wengi walikunywa maji ya pampu moja ya mtaani, na kwa ushauri wake mpini wa pampu ile ukaondolewa.

Lakini uchafu uliingiaje kisimani? Jambo hilo lilivumbuliwa baadaye na kasisi wa mtaa ule, Henry Whitehead, mtu aliyeanza kwa kumpinga Snow na akamaliza kwa kumkubali. Katika nyumba namba 40, iliyo jirani na pampu, alikuwako mtoto mchanga aliyeshikwa na kuhara. Mama yake alifua nepi zake, na maji yake akayamwaga katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Shimo lilipochunguzwa, matofali yake yalionekana yameoza, na kutoka hapo hadi kisimani haikupata hata mita moja. Mtoto yule alikufa, na watu wengi wa mtaa ule wakafa pia.

Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwenye usafi. Alifua nepi za mtoto mgonjwa kama mama yeyote, akatupa maji mahali walipotupa watu wote. Hili ndilo jambo la kutisha katika habari hiyo. Madhara makubwa hayakuhitaji mtu mwovu, yalihitaji shimo lililo karibu mno na kisima tu, na mtu asiyejua maji yake yanakwenda wapi.

London ilijifunza, ikajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. Hata hivyo mifereji haimfundishi mtu adabu. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, mafundi walikuta mfereji umezibwa na donge la mafuta ya kupikia lililochanganyika na nepi na vitambaa vya kujifutia. Urefu wake ulikuwa mita 250, na uzito wake tani 130. Iliwachukua majuma mengi kulivunja. Hakuna mtu mmoja aliyemwaga tani 130. Walimwaga kijiko kijiko.

Kwa Tanga jambo hili si la mbali. Sehemu ya jiji ina mabomba ya majitaka, na nyumba nyingine nyingi hutumia mashimo ya choo. Mafuta ya kukaangia samaki yakiwa ya moto hutiririka kama maji, na mpishi humwaga akidhani yamekwenda. Yakifika chini penye baridi huganda na kushika ukuta wa bomba. Siku ya pili hunasa uzi au nywele, siku ya tatu hunasa kitambaa, kisha mfuko. Njia huwa nyembamba, hata siku moja ikafungwa kabisa. Hapo majitaka hurudi nyuma yakatafuta njia nyingine, nayo ni chemba iliyo barabarani. Hufurika nje, na mara nyingi si mbele ya nyumba iliyomwaga mafuta. Ni mbele ya nyumba iliyo bondeni, ambayo labda haikumwaga kitu.

Milimani hakuna bomba la majitaka, lakini kanuni ni ile ile. Badala ya bomba kuna mtaro wa barabara na kalavati lake. Mfuko mmoja hukaa mdomoni mwa kalavati, majani hukaa juu ya mfuko, udongo hukaa juu ya majani, na mvua ya usiku mmoja hukata barabara. Gari la kuchukua mgonjwa halipiti, na watu hulaumu mvua.

Yako malalamiko yasemwayo huku juu, nayo si ya uongo. Wenyeji huambiwa wasilime kando ya kijito, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka shughuli za watu zikae mbali na kingo za maji kwa mita 60. Huambiwa wasikate miti. Kisha maji waliyoyatunza huteremka yakanywewe mjini, na wao wenyewe hubeba ndoo kichwani. Mwenye kusema hivyo asinyamazishwe. Ni haki mjini wachangie gharama ya kuutunza mlima, na wakulima wa mabonde ya Zigi na Kihuhwi walifanya vema kuunda umoja wao, UWAMAKIZI, kwa kuwa neno la wengi husikika kuliko neno la mmoja. Lakini dai hilo halimpi mtu ruhusa ya kumwaga chupa ya dawa ya wadudu korongoni. Ukali wake wa kumdai mtu wa Tanga utamwangukia kwanza jirani wa nyumba ya chini, naye ni ndugu yake, tena hana deni.

Wala kungoja gari la taka kutoka wilayani si shauri jema, kwa maana sehemu kubwa ya taka za nyumba ya mlimani si taka. Maganda ya ndizi, majani ya mboga na mabaki ya chakula yakitiwa shimoni na kufunikwa kwa udongo, baada ya miezi kadhaa huwa mbolea, na migomba huijua mara moja. Majivu yafaa shambani, na yafaa kunyunyizwa chooni yakapunguza nzi na harufu. Sufuria yenye mafuta ifutwe kwa jani au karatasi kabla ya kuoshwa, na jani lile liende motoni. Kazi hiyo haimalizi dakika moja. Maji ya kuoshea vyombo yaelekezwe katika shimo lililojazwa mawe na kokoto, yanywee ardhini polepole. Choo kichimbwe upande wa chini wa chemchemi, si wa juu, na umbali wa mita 30 usipungue.

Hubaki vile visivyooza: nailoni, vioo, betri, chupa za dawa. Hapa ugumu ni wa kweli. Nailoni ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na ikizikwa hudumu ardhini kuliko aliyeizika. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na makorongo yalipata nafuu, ingawa chupa na vifuko vidogo vimebaki. Kwa vitu hivi hakuna njia ila kuvikusanya mahali pakavu, mbali na watoto wadogo, hata lipatikane gari la kushuka Muheza au mnunuzi wa chupa. Chupa ya dawa ya wadudu isifanywe ya kuwekea mafuta ya taa wala maji, hata ikioshwa mara kumi.

Mitaro yataka kuzibuliwa kabla ya masika, yaani mwezi wa Februari, wakati udongo ungali mkavu na jembe halinati. Yaanzwe makalavati yaliyo juu, na kinachotolewa kisiachwe ukingoni mwa mtaro, kwa kuwa mvua ya kwanza ya Machi itakirudisha pale pale kilipotoka.