MASHAURI YA NYUMBANI: Pombe Isiyotakata

Kila mwenye mji ajua haya inayompata mtu amiminapo pombe mbele ya wageni, nayo ikatoka na rangi ya maji ya mto baada ya mvua. Baba yangu mdogo alipatwa na jambo hilo, zikiwa zimesalia siku tatu tu kabla ya kwenda kwa wakwe kwa ajili ya ruracio ya mwanawe. Muratina yake ilikuwa na ladha njema, lakini macho yaliikataa. Kijana mmoja akamwambia kwamba iko dawa ya chupa. Ukitia vifuniko viwili, pombe hutakata papo hapo na kuongezeka nguvu. Nami nikasema, "Baba, usithubutu." Huenda nawe, msomaji, ukapewa shauri kama hilo, kwa hiyo yafaa nieleze.

Muratina hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na huchachushwa kwa tunda la mwegea lililopasuliwa na kukaushwa juani. Ndani ya tunda hilo imo chachu, nayo ni vijidudu vilivyo hai. Maadamu vinakula sukari, hewa inayotoka huvirusha juu, na pombe huonekana nzito. Kazi ikipungua, hushuka chini na kuwa mashapo. Basi dawa ya kwanza ni subira.

Dawa ya pili ni ubaridi. Twaweka pombe karibu na meko ili ichachuke. Lakini ikiisha kuchachuka, yatupasa kuiondoa hapo. Toa matunda, chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, kisha uweke chombo ndani ya maji baridi au jokofu kwa siku mbili bila kukitikisa. Usikifunge kwa nguvu, maana hewa hupasua chupa. Baadaye vuta pombe kwa mpira safi, ukiacha mashapo yote chini.

Mwenye haraka aweza kutumia jelatini ya kupikia isiyo na rangi wala sukari. Kijiko kimoja cha chai, kilichoyeyushwa katika maji ya moto yasiyochemka, chatosha lita 20 za pombe iliyokwisha poa. Jelatini hunasa chachu na kuzama nayo.

Walakini si kila pombe ipaswayo kutakata. Weupe wa busaa ni unga wa mahindi na wimbi. Ukiuondoa, umeondoa busaa yenyewe. Tena pombe inukayo siki kali, au iliyofanya ukungu juu, haina dawa. Imwage, usugue vyombo, uvisuuze kwa maji yanayochemka.

Sasa ile chupa ya kijana. Methanoli ni angavu kama maji ya chemchemi, nayo hupofusha macho na kuua. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye sumu hiyo. Mwezi wa Mei 2014 msiba ukarudi Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko. Hakuna aliyeweza kuitambua sumu kwa kutazama bilauri. Kutakata si usalama. Usalama ni kujua kila kitu kilichotiwa mtungini na mkono uliokitia.

Na atakaye kuuza akumbuke kwamba Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 yamtaka awe na leseni.

Baba mdogo aliitoa pombe yake mekoni jioni ile ile. Siku ya safari haikuwa angavu kama kioo, bali ilikuwa imetulia, na wazee wa upande wa pili waliinywa kwa furaha. Wote waliamka salama asubuhi yake, nayo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambayo pombe ya mtu yaweza kupata.