Mlinzi wa Mtoto Naye Ale Nini?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Leo nimeshika kalamu kukuuliza: mbona kuna watu wanaocheza kwao jua na mvua, na hakuna anayewatunza? Nawazungumzia wale wanaojitolea kuwalinda watoto vijijini na mitaani kwetu.

Labda hujawasikia. Serikali yetu ina Idara ya Huduma za Watoto, na maafisa wake wameajiriwa na hulipwa mshahara. Lakini afisa ni mmoja, na vijiji ni vingi. Kwa hiyo huteuliwa wanajamii waaminifu wawe macho na masikio yake. Hao ndio wahudumu wa kujitolea. Mtoto akipigwa hadi akaumizwa, akitelekezwa, au akitaka kuozwa angali shuleni, wao ndio wa kwanza kubisha mlango. Mshahara hawana. Mara mojamoja shirika fulani huwapa nauli, mradi ukiisha na nauli nayo imekwisha.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja wa kazi hii. Yeye ni muuza mboga. Akiitwa, hufunga kibanda, akalipa matatu yeye na mtoto hadi hospitali, kisha kituo cha polisi kwa ajili ya fomu ya P3. Simu hupiga kwa kredo yake mwenyewe. Kesi ikiahirishwa mahakamani, mauzo ya siku hiyo yamekwenda na maji. Asante hupewa, si haba, lakini asante haijazi sufuria. Mkono mtupu haulambwi!

Wako watakaonikemea: “Wee mwanafunzi, kujitolea ni kujitolea! Ukianza kulipa, watakuja wanaopenda pesa, si wanaopenda watoto.” Hoja hiyo ina uzito wake, siidharau. Lakini hebu tuulizane polepole. Mwalimu hulipwa, na hatusemi ati hatupendi. Muuguzi hulipwa, na huruma yake iko pale pale. Je, ni upendo wa kumwokoa mtoto tu ndio unaochafuliwa na shilingi? Tazama pia wahamasishaji wa afya ya jamii. Kwa miaka mingi wengi wao walitembea nyumba hadi nyumba bila malipo. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa zaidi ya 100,000 kati yao posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Sijasikia mtu akilalamika kwamba posho hiyo imewafanya wawasahau wagonjwa.

Tena jambo hili si la kumhurumia mhudumu peke yake. Ni usalama wa mtoto. Mtoto aliyenajisiwa huhitaji kuanzishiwa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi kabla ya saa 72 kupita. Saa hizo hazingoji mhudumu azunguke kwa majirani akikopa nauli. Isitoshe, njaa ni mshauri mbaya. Wazee wanapoketi chini ya mti kuimaliza kesi “kinyumbani” kwa mbuzi wawili, mhudumu asiye na kitu mfukoni hushawishiwa naye apokee chake anyamaze. Sisemi kwamba wote hunyamaza. Wengi hukataa, nawavulia kofia. Ninachosema ni kuwa si haki kumfanya mtu mwenye njaa awe ngome ya pekee ya mtoto.

Kuna na hatari. Anayewaokoa wasichana wasikeketwe, jambo lililopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka wa 2011, hugeuka adui wa majirani zake. Akivunjwa mguu usiku huo, nani atamtibu? Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka wa 2007, humtambua mfanyakazi kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Huyu wetu hana mshahara, basi si mfanyakazi! Bili ya hospitali ni yake na watoto wake. Jamani, hii si ile asante ya punda?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kudhulumiwa na kutelekezwa. Kifungu cha 41 chasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo yafaayo. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo imejaa maneno matamu. Lakini sheria haina miguu. Miguu ni ya yule mama muuza mboga.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yafanywe. Kwanza, wahudumu hawa wapewe posho ya kila mwezi, isiwe chini ya ile ya wenzao wa afya. Pili, warudishiwe nauli na pesa za simu mara tu wanapoleta taarifa ya kazi. Tatu, wawekewe bima ya matibabu na ya ajali. Maafisa walioajiriwa nao waongezwe, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Wazazi wetu huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Tuwaombe walitaje jambo hili huko, si barabara na maji tu. Nasi wanafunzi tukiona mwenzetu anateswa, tupige 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto. Lakini tukumbuke kwamba baada ya simu hiyo, lazima mtu aende kwenye ule mlango aubishe. Mtu huyo naye ana tumbo, ana kodi ya nyumba, na ana watoto wa kusomesha.

Mwanachama, Kidato cha Nne