Chakula ni Haki, Si Hisani

 

Sote twakumbuka mwaka 2022, jinsi bei ya unga wa ngano ilivyopanda madukani. Mama muuza mahamri wa mtaani aliona haya kuwaongezea bei watoto wa madrasa, akapunguza donge. Wateja wakamnung'unikia kana kwamba kosa ni lake. Kumbe sababu ilikuwa mbali mno na jiko lake. Kenya huagiza ngano yake nyingi kutoka nje, na sehemu kubwa ilikuwa ikitoka Urusi na Ukraine. Vita vilipozuka Februari mwaka huo, bandari za Ukraine katika Bahari Nyeusi zilifungika, na mamilioni ya tani za nafaka yakabaki maghalani.

Hapo pana funzo. Nafaka ilikuwapo, kilichokosekana ni njia. Tarehe 22 Julai 2022, mjini Istanbul, Uturuki na Umoja wa Mataifa walizipatanisha pande zinazopigana juu ya jambo moja tu: meli za nafaka zipite, zikikaguliwa njiani. Mwezi uliofuata, meli iitwayo Brave Commander ilifika Djibouti na tani 23,000 za ngano za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa ajili ya jirani zetu wa Ethiopia. Wakati huo mvua zilikuwa zimekosekana misimu kadhaa mfululizo katika Pembe ya Afrika, hata kwetu Tana River na bara ya Kilifi na Kwale.

Ni kweli kwamba nafaka nyingi ya mpango ule ilikwenda katika nchi zenye uwezo wa kununua. Lakini kila shehena iliyofika sokoni ilisaidia kuipoza bei. Karibu tani milioni 33 zilipita kabla ya Urusi kujitoa, Julai 2023, na mlango ukafungwa tena.

Wenye kusoma Qur'ani wanakijua kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Katika miaka ya neema aliweka akiba. Ilipofika miaka ya dhiki, ghala la Misri halikufungiwa wageni. Waliotoka mbali walipimiwa kwa ukamilifu, wakiwamo nduguze waliomtupa kisimani.

Hata hivyo, mama yetu wa mahamri hapaswi kuishi kwa kutegemea huruma ya wenye meli. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 juu ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, ambao Kenya imeuridhia, unaitambua haki ya kila mtu ya kuepukana na njaa, na unayataka mataifa yashirikiane kuitimiza. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, nayo imeiandika haki hiyo waziwazi. Maana yake si kwamba serikali itutilie tonge kinywani. Maana yake ni kwamba isituzibie njia ya kujilisha, itulinde na wenye kutudhulumu, na itushike mkono pale tunaposhindwa kabisa.

Basi wajibu wetu ni upi? Kilimo kimekabidhiwa serikali za kaunti, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao juu ya bajeti zake. Mara nyingi vikao hivyo tumewaachia wachache, na akina mama, ambao ndio wajuao kibaba cha unga kimepanda kiasi gani, hubaki nyumbani. Twendeni, tuulize: mbegu zitamfikia lini mkulima wa Ganze? Maji ya Mto Tana yatanywesha mashamba ya nani? Akiba ya mwaka wa ukame iko wapi?

Sadaka tutaendelea kutoa, kwani jirani mwenye njaa hawezi kungoja bajeti ipite. Lakini tukumbuke kwamba apewaye haki yake hapokei kwa kuinamisha kichwa.

Mwenyezi Mungu aturuzuku sote riziki ya halali, na atuepushe na njaa sisi na jirani zetu. Amin.