Bomba Lipimwe Kabla ya Kukatwa

Yeyote apitaye Gerezani mjini Dar es Salaam, au kwenye gereji za barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, hatakosa kuona motokaa za Subaru zilizoinuliwa juu, matumbo wazi, na kijana mwenyewe amesimama kando akimhimiza fundi. Motokaa hizo zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na nyingi zina tabo. Hazikai sana na mwenyewe kabla hajataka bomba la moshi litolewe na kutengenezwa jingine, kubwa zaidi na lenye sauti zaidi.

Sisi hatuna ugomvi na mapenzi hayo. Tangu Colin McRae aliposhinda mashindano ya Safari kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000, motokaa hizi zimeingia mioyoni mwa watu wa Afrika Mashariki, na mtu aliyetoa jasho kupata mali yake ana haki ya kuitengeneza apendavyo. Tunalolipinga ni desturi ya kuanza kazi kwa msumeno na kuimaliza kwa majuto. Kazi hii ina hesabu zake, na hesabu hizo hazina budi kufanywa kabla bomba la zamani halijakatwa.

Kwanza ifahamike kwa nini tabo hupenda njia pana. Tabo ni feni mbili zilizoungwa kwa mtaimbo mmoja. Moshi utokao kwenye injini huizungusha feni ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya injini. Mzunguko huo waweza kupita mara 100,000 kwa dakika moja. Moshi ukizuiwa baada ya kutoka kwenye tabo, feni huchelewa kupata kasi. Ukipewa njia nyepesi, tabo huamka mapema na injini hupata nguvu. Kwa hiyo wanaodai kwamba bomba pana huisaidia motokaa ya tabo hawasemi uongo.

Lakini kweli hiyo ina mpaka. Bomba la inchi 3 lina nafasi ndani yake mara mbili na robo ya bomba la inchi 2. Kwa motokaa ya barabarani yenye nguvu za farasi zipatazo 300, hiyo inatosha. Anayetaka inchi 4 kwa motokaa kama hiyo hununua uzito, kelele, na bomba litakalogonga kila tuta kati ya nyumbani kwake na kazini. Sehemu ya kutazamwa zaidi ni lile bomba la kwanza litokalo kwenye tabo, ambalo mafundi hulita daunipaipu, na kila kona inayofuata. Kona iliyokunjwa kwa mashine isiyo na kiini ndani hubonyea, na bomba la inchi 3 likibonyea pale halitendi tena kazi ya inchi 3. Mwenye motokaa ameshalipa, na alicholipia hakipo.

Jambo la pili ni hatari zaidi, maana halionekani kwa macho. Tabo nyingi za motokaa za petroli zina kilango kinachopitisha sehemu ya moshi pembeni ili hewa isisukumwe kupita kiasi. Kilango hicho kilipimwa kiwandani kwa bomba la kiwandani. Njia ikipanuliwa ghafula, kilango chaweza kuzidiwa, na presha ya hewa ikapanda kupita ile iliyopangwa. Hewa ikizidi na petroli isitoshe, mchanganyiko huwaka vibaya na kabla ya wakati wake, pistoni hupasuka, na kijana aliyetaka mwendo hurudi nyumbani kwa daladala. Ndiyo maana tunasema kwamba bomba jipya na upimaji wa kompyuta ya injini ni kazi moja, wala si kazi mbili. Asiye na fedha ya upimaji asubiri kulibadili bomba mpaka aipate. Tena motokaa iliyopimwa Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, yafaa ipimwe tena ikishuka kufanya kazi Mombasa, kwani hewa ya pwani ni nzito zaidi.

Tatu ni joto. Injini ya petroli ikikazwa, moshi hufika kwenye tabo ukiwa na joto la nyuzi 800 au 900 za sentigredi. Chuma hutanuka kwa joto. Bomba la chuma kisichoshika kutu lenye urefu wa mita 3, likipanda joto kwa nyuzi 300, huongezeka urefu kwa milimita zipatazo 15. Fundi anayelifunga kikiki kutoka mbele hadi nyuma, bila kiungo cha kunyumbuka wala mipira ya kuning'inizia, amelipangia siku ya kupasuka. Nao ufa si jambo dogo. Ufa ulio kabla ya sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje na kuidanganya kompyuta, ambayo huongeza petroli isiyohitajika. Ufa ulio chini ya viti huingiza ndani gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo huua watu waliolala safarini wasiamke tena. Kwa sababu hiyo hiyo, mdomo wa bomba haufai kuishia chini ya motokaa. Hauna budi kufika nyuma kabisa na kutoka nje.

Sasa tuseme juu ya jirani. Wako wanaong'oa kisafisha-moshi, kile chenye vitundu mithili ya sega la nyuki, nao hudhani wamefanya ujanja. Ndani ya sega hilo mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndiyo sababu wanunuzi wake hawakosekani. Madini hayo hugeuza gesi za sumu kuwa hewa isiyodhuru sana. Likishauzwa, fedha huenda kwa mmoja na sumu huenda kwa wote: kwa mama auzaye vitumbua kando ya barabara, kwa trafiki asimamaye njia panda tangu asubuhi, kwa watoto waendao shule kwa miguu. Mwenye kutaka njia nyepesi anaweza kuwekewa kisafisha-moshi chenye vitundu vipana zaidi. Hicho ni ghali, lakini ndiyo bei ya kuishi na watu.

Na kelele vivyo hivyo. Kelele ikiongezeka desibeli 10, sikio huisikia kama imezidi maradufu. Kenya iliweka kanuni za kelele tangu mwaka 2009. Lakini hata pasipo askari, mfanyakazi aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya usingizi wake. Sailensa nzuri iliyo wazi katikati haiibi nguvu nyingi za tabo. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Tumemweka fundi mwisho, si kwa kuwa ndiye mdogo, bali kwa kuwa ndiye anayesahauliwa. Tajiri wa motokaa huondoka baada ya saa chache. Fundi hubaki na moshi wa kuchomelea mwaka hata mwaka. Moshi huo umetajwa na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2017, kuwa husababisha saratani kwa binadamu, na kuchomelea chuma kisichoshika kutu hutoa kromiamu yenye sumu kali. Hata hivyo tunawaona vijana wanafunzi wa kazi wakichomelea vibandani, hawana barakoa, na miwani yao ni ya jua. Mwenye gereji anayekusanya fedha za mabomba na hanunui feni ya kutolea moshi anakula afya ya wenzake.

Kwa hiyo tunatoa shauri kwa pande zote. Mwenye motokaa aseme kwanza anataka nguvu kiasi gani na ataendesha wapi, kisha akubali kulipa siku ya kupima kama anavyolipa siku ya kuchomelea. Fundi achore bomba zima kwenye karatasi, kutoka tabo hadi mdomo: upana, kona, viungo, sailensa, na nafasi iliyobaki juu ya ardhi. Akatae kukata kabla ya hapo, na wenzake wa gereji jirani wasimpokee mteja aliyekataliwa kwa haki. Mafundi wetu wana mikono na akili ya kutengeneza mabomba yasiyoshindwa na yale yatokayo ng'ambo. Wanachonyimwa ni muda wa kupima na heshima ya kulipwa kwa kupima, na vyote viwili tunaweza kuwapa sisi wenyewe, kuanzia leo.