Mtoto njiti apimwe macho mapema

Mwanamuziki Stevie Wonder wa Marekani alizaliwa mwaka 1950 kabla ya wakati, akawekwa kwenye mashine ya joto yenye oksijeni. Alipona, lakini akapofuka.

Retina ni pazia la nyuma ya jicho. Mishipa yake ya damu hukamilika karibu na wiki ya 40 ya ujauzito, hivyo kwa mtoto njiti huwa bado changa. Oksijeni humwokoa maisha, lakini ikizidi kipimo mishipa hiyo huweza kuota ovyo na kulivuta pazia mpaka libanduke.

Kwa nje jicho huonekana zima. Mtoto ananenepa, anaruhusiwa kwenda nyumbani, na macho yanasahaulika. Njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au akiwa na chini ya gramu 1,500, hupimwa akiwa na umri wa wiki nne hivi. Tatizo likionekana, leza au sindano huweza kuokoa macho, lakini tiba hiyo husubiri siku chache tu.

Kabla ya kutoka wodini, mzazi aulize: “Mtoto atapimwa macho lini?” Tarehe iandikwe kwenye kadi ya kliniki.